Mchezo Mkubwa Ndani ya Mashine Ndogo: Mipaka, Ubunifu na Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Katika kozi zetu za tafsiri na uandishi wa kitaaluma huwa tunawapa wanafunzi kazi moja inayofanana mwaka hadi mwaka: eleza kwa Kiswahili, katika kurasa tatu, jambo la kiufundi unalolifahamu vizuri. Wengi huchagua kinga ya malaria, ufugaji wa nyuki au utunzaji wa migomba. Wachache huchagua michezo ya video, ambayo wao wenyewe huiita magemu, na hao ndio hufika ofisini wakilalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Baadhi yao huomba ruhusa ya kubadili mada. Wengine huandika insha ambayo viunganishi ni vya Kiswahili na kila kitu kingine ni Kiingereza.

Malalamiko haya si ya kupuuzwa. Katika nchi yetu Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu kwa walio wengi, na wanafunzi hawa ndio walimu wa kesho. Mwalimu asiyeweza kuzungumzia kwa Kiswahili jambo analolipenda kijana wa kidato cha pili atamfundisha kijana huyo, bila kukusudia, kwamba Kiswahili ni lugha ya mtihani tu. Makala haya basi yana malengo mawili. Kwanza, tunaeleza kisa cha kweli cha mchezo mmoja wa video uliobanwa na uwezo wa mashine yake. Pili, tunaonesha mafunzo ambayo mwalimu wa lugha na fasihi anaweza kuyachota katika kisa hicho. Msomaji asiyewahi kushika mchezo wa aina hii asihofu; tutakwenda hatua kwa hatua.

Mashine yenyewe

Mashine tunayoizungumzia ni PlayStation Portable, maarufu kwa kifupi kama PSP. Kampuni ya Sony iliitoa nchini Japani tarehe 12 Desemba 2004, kisha Amerika ya Kaskazini mwezi Machi 2005 na Ulaya mwezi Septemba mwaka huo huo. Ni mashine ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye skrini katikati na vitufe pembeni. Skrini hiyo ina upana wa inchi 4.3 kutoka pembe hadi pembe, na imeundwa kwa nukta 480 kwa upana na 272 kwa kimo. Ukizizidisha unapata nukta 130,560.

PSP ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya MB 32. Michezo yake iliuzwa katika diski ndogo zilizofungiwa ndani ya kasha la plastiki, zilizoitwa UMD, na kila diski ingeweza kubeba hadi GB 1.8. Tukilinganisha na PlayStation 2, mashine ya sebuleni iliyounganishwa na televisheni, tunaona kwamba kumbukumbu kuu ya zote mbili ilikuwa MB 32, lakini DVD ya safu moja hubeba takriban GB 4.7. Kwa hiyo si kweli kwamba mashine ndogo ilizidiwa katika kila jambo. Ilizidiwa zaidi katika mambo matatu: nafasi ya kuhifadhi, kasi iliyoruhusiwa kutumika, na idadi ya vidhibiti vya kushikwa kwa vidole. Aidha, ilibeba mzigo ambao mashine ya sebuleni haikuujua kabisa, nao ni betri.

Mchezo uliotaka makubwa

Mwaka 2005, studio ya Sony iliyokuwa Santa Monica, Marekani, ilitoa mchezo uitwao God of War kwa ajili ya PlayStation 2. Mhusika mkuu ni Kratos, askari wa Sparta katika Ugiriki ya kale ya masimulizi, anayepigana kwa panga mbili zilizofungwa kwa minyororo mikononi mwake. Mchezo huo ulisifiwa kwa ukubwa wa mandhari yake: mahekalu yenye kina, mazimwi yenye kimo cha jengo, na maadui wengi wanaomzunguka mchezaji kwa wakati mmoja. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2007.

Wazo la kuuingiza mchezo wa namna hiyo katika mashine ya mkononi lilikuwa wazo kubwa. Kazi ilipewa studio nyingine ya California, Ready at Dawn, ambayo mwaka 2006 ilikuwa imetoa mchezo uitwao Daxter kwa mashine hiyo hiyo ya PSP. Mchezo mpya uliitwa God of War: Chains of Olympus, nao ulitoka Machi 2008. Kisa chake hutangulia kile cha mwaka 2005. Waajemi wanaishambulia Attica, jua linaanguka kutoka mbinguni, usingizi unawafunika miungu, naye Kratos anatumwa kumtafuta Helios, mungu wa jua, hadi kuzimu.

Kikwazo cha kwanza: mapigo na betri

Prosesa, yaani sehemu ya mashine inayofanya hesabu zote, hufanya kazi kwa mapigo. Tunaweza kuifananisha na mpiga makasia anayefuata ngoma: kila ngoma inapolia, kasia moja. Ngoma ikiongezwa kasi, chombo huenda mbio zaidi, lakini mpiga makasia naye huchoka upesi. Prosesa ya PSP iliundwa iweze kufikia mapigo milioni 333 kwa sekunde. Hata hivyo, Sony iliwawekea waundaji wa michezo kikomo cha mapigo milioni 222. Mpiga makasia wa mashine ya mkononi hula betri, na kadiri ngoma inavyokwenda mbio ndivyo betri inavyokwisha mapema.

Tuitazame tofauti hiyo kwa hesabu ndogo. Tuseme mchezo unaonesha picha 30 kwa kila sekunde, ili jicho lione mwendo usiokatika. Kwa kikomo cha milioni 222, kila picha inapata mapigo milioni 7.4. Ndani ya mapigo hayo mashine lazima isome vitufe vilivyobonyezwa, iamue kila adui atafanya nini, ipime kama upanga umegusa ngao au mwili, na iiandalie chipu ya michoro kazi yake. Kikomo kikipandishwa hadi milioni 333, kila picha inapata mapigo milioni 11.1. Hilo ni ongezeko la nusu nzima.

Ready at Dawn waliuanza mchezo wao wakiwa chini ya kikomo cha 222. Tarehe 31 Mei 2007 Sony ilitoa toleo la 3.50 la programu endeshi ya PSP, ambalo liliruhusu michezo itumie kasi yote ya 333. Mchezo wetu ulinufaika waziwazi: mwanga na vivuli viliboreshwa, damu ilichorwa vizuri zaidi, na maadui wakapewa akili zaidi ya kupigana. Gharama yake pia ilikuwa wazi, kwani betri iliisha haraka zaidi. Ndugu msomaji aone kwamba kikwazo hakikuondolewa, kilihamishwa. Kilitoka mezani kwa mwandishi wa programu kikaingia mfukoni mwa mchezaji, ambaye sasa alihitaji kuwa karibu na soketi ya umeme.

Kikwazo cha pili: kidole gumba kimoja

Kidhibiti cha PlayStation 2 kilikuwa na vijiti viwili vya kuelekezea, kimoja kwa kila kidole gumba, na vitufe vinne vya juu kwa vidole vingine. PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu upande wa kushoto, kifupi na bapa, na vitufe viwili vya juu. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Katika michezo mingi ya vita, kijiti cha kushoto humtembeza mhusika na cha kulia huligeuza jicho la mchezo, yaani pembe tunayotazamia. Kijiti kikiwa kimoja, jicho linakosa wa kuligeuza.

Wachezaji wa Monster Hunter, mchezo wa kuwinda mazimwi uliopendwa sana Japani kwenye PSP, walijibu tatizo hilo kwa miili yao. Walikunja kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kama ukucha ili kifikie vitufe vya mwelekeo na kuligeuza jicho, huku kidole gumba kikiendelea kumtembeza mhusika. Mshiko huo ukawa na jina lake na wafuasi wake, ingawa haukuwa mzuri kwa viungo vya mkono.

Chains of Olympus haukuhitaji mshiko huo, na sababu yake inafundisha. Tangu mwaka 2005, michezo ya God of War ya PlayStation 2 haikumwachia mchezaji jicho. Waundaji wenyewe waliamua kila chumba kitazamwe kutoka wapi, kama mpiga picha wa filamu anavyofanya. Kijiti cha kulia kilikuwa huru, kikapewa kazi nyingine: kumbingirisha Kratos ili akwepe mapigo. Kwa hiyo mchezo ulipohamia PSP, kilichopotea hakikuwa jicho bali ukwepaji. Ready at Dawn waliupeleka kwingine: mchezaji abonyeze vitufe vyote viwili vya juu kwa pamoja, kisha asukume kijiti kuelekea anakotaka kubingirika. Ni tendo zito kidogo kuliko la awali, lakini halihitaji kidole ambacho binadamu hana.

Hapa tunapata somo la kwanza. Mipaka ya chombo haikandamizi kazi zote kwa uzito sawa. Kazi iliyokwisha kuamua mapema nini kiwe mikononi mwa mpokeaji na nini kibaki kwa msanii huweza kupunguziwa chombo bila kuvunjika.

Kikwazo cha tatu: urefu

Mchezo ulipokewa vizuri sana na wahakiki, hasa kwa uzuri wa picha zake katika skrini ndogo. Pamoja na hayo, lalamiko moja lilirudiwa: ulikuwa mfupi. Mchezaji mzoefu aliumaliza kwa saa chache, na mapambano makubwa dhidi ya mazimwi na miungu yalikuwa machache yakilinganishwa na ya ndugu zake wa sebuleni.

Ni rahisi kuitupia mashine lawama yote. Hata hivyo, kiongozi wa uundaji, Ru Weerasuriya, alieleza baada ya kazi kukamilika kwamba mafumbo kadhaa, wahusika, sehemu za mazungumzo na uwezekano wa kucheza watu wengi kwa pamoja viliachwa kwa sababu ya muda. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu wa uhakiki hupenda sababu moja inayoeleza kila kitu. Kazi ya sanaa hubanwa na chombo, na vilevile hubanwa na kalenda, na mhakiki makini hutenganisha viwili hivyo.

Ushahidi zaidi ulipatikana mwaka 2011, pale mchezo huu pamoja na Ghost of Sparta ya mwaka 2010 ulipotolewa upya kwa PlayStation 3. Mashine sasa ilikuwa na nguvu nyingi, skrini kubwa na vijiti viwili. Picha zilisafishwa na mwendo ukawa laini. Lakini mchezo haukurefuka. Sehemu zilizoachwa wakati wa uundaji hazikujijenga zenyewe. Mipaka ya uso, kama ukali wa picha, iliondoka pamoja na mashine iliyoileta. Iliyokwisha kuingia katika muundo wa kazi ikabaki.

Pale kitufe kinaposimulia

Tukio moja la mwisho wa mchezo linastahili kujadiliwa darasani. Kratos anamkuta Calliope, binti yake aliyefariki, katika makao ya wafu wema. Ili abaki naye lazima avue nguvu na silaha zake zote, na anakubali. Kisha Persephone, malkia wa kuzimu, anamfunulia kwamba Atlas amefunguliwa ili aiangushe nguzo inayoushikilia ulimwengu, na kwamba ulimwengu ukianguka hata makao hayo yataangamia pamoja na mtoto. Kratos hana budi kuzirudia nguvu zake, na akishazirudia hataweza tena kukaa na binti yake. Mtoto anamkumbatia asiondoke. Hapo mchezo hausimulii kwa maneno. Unamtaka mchezaji abonyeze kitufe kimoja, tena na tena kwa haraka, ili amsukume mtoto huyo mbali naye.

Tukio hilo halihitaji mapigo milioni 333, wala vijiti viwili, wala diski kubwa. Lina watu wawili na kitufe kimoja. Katika muda wote uliotangulia, kubonyeza kitufe kwa haraka kulimaanisha kumshinda adui. Sasa tendo lile lile la kidole linamaanisha kumkataa mtoto. Mwalimu wa fasihi atalitambua jambo hili mara moja: ni takriri iliyogeuziwa maana, sawa na kibwagizo kinachorudi katika ubeti wa mwisho kikiwa na uchungu ambao hakikuwa nao katika ubeti wa kwanza.

Mizani na mashine

Wanafunzi wetu huuliza kwa nini mshairi ajifunge katika mishororo minne yenye mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Suali hilo lina historia ndefu, na mjadala wake ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kuchapishwa mwaka 1974. Hatukusudii kuufufua hapa. Tunachosema ni kwamba kisa cha PSP kinatusaidia kuuliza suali bora zaidi kuliko lile la kama mipaka ni mizuri au mibaya.

Mbele ya kazi yoyote iliyobanwa, mwanafunzi aulize mambo matatu. Mosi, ni mpaka gani hasa: wa chombo, wa kanuni, au wa muda? Pili, ni nini kilitolewa ili kazi itoshee? Tatu, je, kilichobaki kimetumia ule mpaka au kimeuvumilia tu? Mshairi anayeikata silaba ili mizani itimie ameuvumilia mpaka. Anayelipata neno fupi lenye nguvu kuliko lile refu aliloliacha ameutumia. Kadhalika, ukwepaji wa vitufe viwili ni uvumilivu, lakini kitufe kimoja cha Calliope ni matumizi. Kila mtu hujikuna ajipatapo. Kazi ya mhakiki ni kuona mkono ulifika wapi.

Maneno tuliyoyatumia

Turudi kwa wanafunzi wanaosema maneno hayatoshi. Tazama jinsi tulivyoeleza kisa hiki. Hatukuandika "kasi ya saa", ingawa ndiyo tafsiri inayomjia mtu kwanza, kwa sababu msomaji wa Kiswahili akiona maneno hayo hufikiria kilometa na gari. Tuliandika "mapigo kwa sekunde", na maana ikajisimamia. Hatukuandika "kamera", maana ndani ya mchezo hakuna kamera yoyote. Tuliandika "jicho la mchezo". Tulitenganisha kumbukumbu na hifadhi, kwa kuwa kumbukumbu ni meza ya kufanyia kazi na hifadhi ni kabati; anayeyachanganya mawili hayo hawezi kueleza kwa nini diski yenye nafasi haimsaidii mwenye meza finyu. Prosesa, skrini, diski na betri tuliyaacha kama yalivyo, kwa sababu yamekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili na hakuna anayeyashangaa.

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: anza na kazi ya kitu, kisha tafuta jina lake. Mwanafunzi akishaweza kusema kitu kinafanya nini kwa sentensi ya kawaida, jina linakuwa jambo dogo. Akianza na jina, atakwama katika kamusi kabla hajaeleza chochote. Mara nyingi kinachokosekana si msamiati wa lugha bali uelewa wa mada, nao hujificha kwa urahisi nyuma ya neno la kigeni.

Kwa walimu wanaotaka kulijaribu jambo hili, tunapendekeza zoezi la vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, kila mwanafunzi aeleze kwa maneno 200 kifaa au mchezo anaoufahamu, bila kutumia neno lolote ambalo mzazi wake asingelielewa. Katika kipindi cha pili, wabadilishane karatasi, na kila msomaji achore au aigize alichokielewa. Palipochorwa sivyo ndipo lugha ilipoteleza, na hapo ndipo pa kufundishia.

Hitimisho

Mashine ya PSP haiundwi tena. Uuzaji wake ulifikia mwisho mwaka 2014. Iliyofuata, PlayStation Vita, ilitoka mwishoni mwa mwaka 2011 ikiwa na vijiti viwili. Studio ya Ready at Dawn nayo ilifungwa mwaka 2024. Mipaka iliyojadiliwa hapa imekwisha kuwa historia, na simu ya kawaida ya mwanafunzi leo ina kumbukumbu mara nyingi zaidi ya zile MB 32.

Mipaka yetu sisi walimu ingalipo. Tuna vipindi vichache, vitabu vichache, na wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani si hii tunayowafundisha. Baadhi ya mipaka hiyo inafaa kupigiwa kelele hadi iondolewe, kama kile kikomo cha 222 kilivyoondolewa. Mingine haitaondoka muhula huu. Mwanafunzi atakayekuja ofisini wiki ijayo akisema Kiswahili hakiwezi kueleza gemu lake asipewe ruhusa ya kubadili mada. Apewe kiti, karatasi na suali moja: kitu hicho kinafanya nini?